Diani, ufuo wa kitalii pwani ya kusini ya Kenya: nani huja lini, na pesa yake huishia wapi

Mgeni wa Ulaya anayekuja Januari au Februari mara nyingi ameshalipia kwao ndege, chumba, chakula, hata bia. Akitoka getini, hubaki na pesa ya kinyago na safari ya mashua tu. Familia ya Nairobi hufuata likizo za shule: Aprili, Agosti, Desemba. Hupanga nyumba yenye jiko, hununua pweza na madafu, hukodi tuktuk, hulipa kwa M-Pesa. Pesa hiyo ndiyo huzunguka mtaani, na inasikitisha kwamba wengi bado wanaidharau. Mei, masika yakikolea, hoteli kadhaa hufunga. Mwenye mashua aipandishe nchi kavu wakati huo, aikalafati (azibe nyufa zake) na kuipaka rangi, iwe tayari kabla ya Agosti.