Siku tatu kununua albamu moja

Mwaka 2013 nilikuwa na kibanda cha kuingiza nyimbo Mwananyamala. Kompyuta moja kuukuu, spika mbili, na bango la mkono: "Nyimbo 20 sh. 1,000". Unakuja na flashi au memori kadi, unataja unachotaka, unaondoka nacho. Zote za kuiba, na hakuna aliyeniuliza.

Mpaka mzee mmoja, mstaafu wa bandari, mpenzi wa jazi za Kimarekani. Nilimwekea albamu, kesho yake asubuhi karudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, wimbo wa pili umekatwa katikati."

Kweli, ulikuwa umekatwa, na jina la tovuti lilikuwa limebandikwa mbele ya kila wimbo. Mzee akaweka noti mbili za elfu kumi mezani. "Ninunulie nzima, ya halali."

Nikaona kazi ndogo, kadi ya benki si ninayo? Nikaingia duka moja kubwa la mtandaoni la Marekani, albamu ile dola 10, kama sh. 16,000 wakati ule. Nikajaza namba za kadi. Ikakataliwa: kadi si ya nchi ya duka hili. Nikafungua orodha ya nchi, nikashuka mpaka herufi T. Thailand ipo, Tanzania hakuna. Nikajaribu huduma ya kusikiliza nyimbo mtandaoni kwa malipo ya mwezi. Hiyo hata ukurasa wa kujisajili haikunipa. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba haki za wimbo huuzwa nchi kwa nchi. Mwenye ruhusa ya kuuza Marekani huenda hana ya kuuza huku, na asipoona soko hajisumbui kuitafuta.

Nikampigia binamu yangu Houston. Akanunua vocha ya duka lile, ya dola 15, akanitumia picha ya namba kwa WhatsApp. Pesa yake nikamrushia mama yake, shangazi yangu wa Tandika, kwa M-Pesa. Nikafungua akaunti kwa anwani ya binamu. Yaani ili nisiibe, ilibidi nidanganye ninapoishi.

Siku tatu. Nakala ya wizi ilinichukua dakika nne.

Mzee alisikiliza wimbo wa pili mpaka mwisho, amesimama palepale kibandani, kofia mkononi. Alipoondoka nikaihamishia albamu kwenye folda ya jazi, na wiki hiyohiyo nikamuuzia mtu mwingine kwa bei ya bango. Sitajisafisha.

Februari 2021 Spotify, huduma ya kusikiliza nyimbo mtandaoni, ilipofunguliwa Tanzania, mjukuu wa mzee alimwekea kwenye simu. Hajanitafuta tena kwa nyimbo, na kibanda nilishakifunga. Wateja wenye simu nzuri na bando waliondoka hivyohivyo, bila kuhubiriwa.

Madereva wa daladala ndio hawajaondoka. Redio ya gari inasoma flashi tu. Jumamosi mmoja alinigongea nyumbani: "Kaka, ile kompyuta bado ipo?"

Ipo.