Vita vya Miungu wa Babeli

Katika masimulizi ya kale kuhusu asili ya dunia, hakuna linalonigusa kama lile la Babeli, lililoandikwa kwa Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, juu ya vibao 7 vya udongo, ambamo ulimwengu unazaliwa kutokana na vita vya miungu wa ukoo mmoja. Apsu, maji baridi, anachoshwa na kelele za miungu vijana na kuazimia kuwaangamiza. Ea, mmoja wa miungu hao vijana, anamwahi, anamlaza usingizi kwa uganga, kisha anamuua. Tiamat, bahari ya chumvi na mjane wa Apsu, anazaa majoka ili kulipiza kisasi.

Ndipo anapojitokeza Marduk, mwana wa Ea, naye hakubali kupigana bure: anadai kwanza atawazwe kuwa mfalme wa miungu wote. Anamtupia Tiamat wavu, anausukuma upepo kinywani mwake hata asiweze kukifumba, kisha anamchoma mshale tumboni. Mwili wake anaupasua kama samaki wa kukaushwa. Nusu moja anaifanya mbingu, na machoni mwake anatiririsha mito ya Frati na Hidekeli.

Kinachonisikitisha ni fungu letu sisi binadamu, tulioumbwa kwa damu ya Kingu, jemadari wa Tiamat aliyeshindwa, ili tubebe kazi zilizowachosha miungu. Nadhani makuhani waliolikariri simulizi hili mbele ya Marduk, siku ya 4 ya sikukuu ya mwaka mpya, walikuwa wakiutetea pia ufalme wao, kwa kuwa mungu aliyeshinda ndiye aliyekuwa mlinzi wa Babeli.