Tovuti yangu ya picha, na J kubwa iliyoninyima usingizi

Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu hapa Temeke, na katikati ya wiki napiga paspoti saizi. Kompyuta kwangu ni kabati la kuhifadhia picha basi. Kwa hiyo fundi mmoja aliponiambia tovuti haipungui laki nne, tena kila mwezi kuna hela ya seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza tovuti, nilimwamini kama mgonjwa anavyomwamini daktari. Nikatoa nusu.

Wiki tatu baadaye akaniletea kitu chenye wazungu wawili wanapeana mikono mbele ya jengo la vioo, na chini yake aya nzima ya Kilatini. Picha yangu ilikuwepo moja tu, nayo imevutwa upande upande mpaka bibi harusi wa watu, binti mwembamba kabisa, amekuwa na mabega ya mbeba zege. Nilipompigia akasema yuko kwenye kikao. Kikao hicho hadi leo hakijafungwa.

Ningeachana na hayo mambo kama si dada mmoja mwenye hoteli ndogo Bagamoyo. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpigia picha za vyumba, akaniuliza kazi zangu anazionaje. Nikampa Instagram yangu. Kesho yake akajibu: "Kaka, nimeshuka chini mpaka kidole kimechoka, nimeona Simba na Yanga tu." Sikuwa na la kujitetea. Picha nzuri zilikuwemo, ila zimebanwa katikati ya penalti na mzaha.

Ndipo nikaamua kujijengea mwenyewe, na nikiri kwamba nusu ya nguvu ilitoka kwenye hasira. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, nilijifunza kwa video za usiku, sina la kusimulia hapo, ni kukaa tu na kurudia. Maandishi yake vijana wanayaita kodi. Mke wangu aliposikia nahangaika na kodi hadi saa nane za usiku, asubuhi akaniuliza kwa upole kama mwenye nyumba ameshapandisha.

Mahali pa kuiweka nilitumia GitHub Pages. Ni bure, hawakuulizi hata kadi ya benki. Ghala la mafaili unaliita kwa jina la akaunti yako likifuatiwa na .github.io, unapakia mafaili, unasubiri dakika chache, umemaliza. Hela ya seva ya kila mwezi niliyotishiwa sijui ilikuwa ya seva ipi. Ila pale si pa kufungulia duka la mtandaoni, wenyewe wamekataza. Mimi naonyesha kazi tu.

Sasa njoo kwenye usiku wa J. Kwenye laptopu yangu ukurasa ulikuwa unang'aa: picha 21, tatu tatu kwa mstari. Nikapakia, nikafungua kwa simu. Maboksi matupu 21. Nikapakia upya. Maboksi. Nikalaumu mtandao, nikanunua bando la kampuni nyingine, maboksi yale yale. Nikafuta akaunti nzima nikaanza moja. Maboksi! Siku mbili nilikuwa namwangalia kila mtu kama ndiye aliyeniroga.

Aliyeniokoa ni mtoto wa jirani, yuko kidato cha pili, alikuja kupigwa picha ya fomu ya shule. Nikamwomba anisomee majina ya mafaili, mimi nifuatishe kwenye kodi. Akaanza: "DSC, kistari cha chini, sifuri, nne, moja, mbili, nukta, J kubwa..." Nikamkatiza, J kubwa ya nini? "Si ndivyo ilivyoandikwa, kaka." Kamera yangu inahifadhi kwa .JPG ya herufi kubwa. Mimi kote nimeandika .jpg. Windows haijali, kwake ni kitu kimoja. Seva inajali, kwake ni mafaili mawili tofauti na moja halipo. Yule mtoto sikumtoza hela ya picha. Tangu hapo kila faili naliita kwa herufi ndogo, bila nafasi katikati: feri-03.jpg, pantoni-01.jpg.

Picha zikatokea. Nikamtumia mama mdogo yuko Morogoro, maana yeye ndiye hunisifia hata nikikosea. Baada ya nusu saa akapiga simu ya kawaida, na hajawahi kunipigia simu ya kawaida tangu ajue WhatsApp. "Mwanangu, hizo picha zako zimekula bando langu lote, na nimeziona nne tu." Nikapiga hesabu. Nilikuwa nimepakia picha kama zilivyotoka kwenye kamera, kila moja MB 9 hivi, mara 21. Karibu MB 190 kwa mtu kuangalia ukurasa mmoja! Studio nina Wi-Fi ya jirani, ningejuaje?

Nikatumia Squoosh, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari, na picha haziondoki kwenye mashine yako. Upande mrefu nikaufanya pikseli 1600, ubora nikaushusha hadi 75, nikaweka picha ya zamani na mpya bega kwa bega nikakodoa macho. Tofauti niliiona kwenye picha moja tu, ya soko la Feri alfajiri, ambako giza lilianza kufanya michirizi. Hiyo nikaipandisha hadi 85. Zote 21 sasa hazifiki MB 6. Tena ukiongeza loading="lazy" kwenye kodi ya kila picha, zile za chini hazishuki mpaka mtu azikaribie. Namna ya kupima: azima simu mbovu kuliko zote nyumbani, iweke 3G, uhesabu kwa sauti. Nikifika kumi picha ya kwanza haijatokea, narudi mezani.

Kuhusu kuchagua, washikaji waliniambia weka zote, mteja ajichagulie. Ushauri wa ovyo. Mteja hakulipwa kukuchambulia mchele. Nilichapisha ndogo ndogo kama sitini, nikazibandika ukutani pale wanaposubiri watu wa paspoti, nikawa naiba jicho kuona wanasimama wapi. Zilizopitwa kwa wiki mbili nilizing'oa, hata nilizozipenda. Za maharusi nilipiga simu kuomba ruhusa, moja moja. Wawili walikataa na nikazitoa, mtu na sura yake. Isitoshe tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Sasa ujanja wangu, huu sikuonyeshwa na mtu. Chini ya kila picha kuna kitufe cha WhatsApp, kiungo cha wa.me chenye namba yangu. Mwanzo niliandika 07 kama kawaida yetu, kikawa kinafungua namba isiyokuwepo. Inatakiwa 255 bila sifuri wala alama ya kujumlisha. Mwisho wa kiungo unaongeza ?text= na maneno, kwenye nafasi unaandika %20. Basi kila picha nikaipa maneno yake: "Habari, naulizia picha namba 7." Mteja anabofya tu, ujumbe umeshajiandika, na mimi najua kilichomshika kabla hajasema lolote.

Jina la tovuti linaloishia na .co.tz nililinunua kwa wakala, elfu thelathini na kitu kwa mwaka, risiti siioni. Jumla yote, ukiondoa ile laki mbili iliyoko kikaoni, haikufika elfu hamsini, bando zikiwemo.

Namba 21 niliiweka kwa sababu mstari wa mwisho ulikuwa na picha mbili na pengo lilinikera. Ni kamba ya pantoni ya Kigamboni, imelowa, imezungushwa kwenye chuma. Niliipiga nikisubiri mvua ikatike. Ujumbe mwingi unaoingia ni wa namba 21. Maharusi niliowapanga kwa taa tatu na moshi wa bandia wanaulizwa kwa nadra. Dada wa Bagamoyo naye aliangukia hapo hapo. Nimempigia vyumba vyote pamoja na ngazi, na ile kamba ameichapisha kubwa, inaning'inia mapokezi.