Mguu uliolazwa kwenye pipa

Mwaka 1999 nilikuwa fundi katika karakana ya viungo bandia ya Hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, au Loki, nchini Kenya, karibu na mpaka wa Sudan. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliifungua hospitali hiyo mwaka 1987 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan, nao walikuwa wakiletwa kwa ndege. Madaktari wa upasuaji walitumwa na vyama vya Msalaba Mwekundu vya nchi za mbali, Norway na Finland zikiwemo. Ukizoea jina la mmoja, kashafunga mizigo. Sisi wa karakana tulikuwepo tu, maana kidonda kikishapona ndipo kazi yetu inapoanza.

Akaletwa mzee mmoja Mdinka wa Bahr el Ghazal, mguu umekatwa chini ya goti baada ya kukanyaga bomu la ardhini. Nilimpima mwenyewe. Kigutu nilikizungushia bandeji ya plasta, ikakauka, nikaivua na kumimina jasi ndani yake hadi nikapata sanamu. Nikaichonga: chini ya pia ya goti napunguza, kwa kuwa kano ya hapo hustahimili uzito, penye ncha ya mfupa naongeza ili pasisuguliwe. Kisha bamba la polipropilini, aina ya plastiki, likaingia kwenye tanuri hadi likalegea kama chapati mbichi, tukalifunika juu ya sanamu na pampu ikavuta hewa. Hapo hakuna cha kuzubaa. Likipoa na mikunjo, unaanza upya.

Mguu ulimkaa vizuri. Akatembea kati ya vyuma viwili vya mazoezi, akageuka, akaketi, akauvua.

"Mzee anauliza, utaingia majini?" mkalimani akasema. Kwao mvua ikinyesha nchi yote hufurika, na kiangazi ng'ombe hufuata majani kwenye vinamasi.

Nikamweleza kuwa plastiki haiozi.

"Anasema hakuuliza plastiki. Ameuliza mguu."

Bosi wetu, Mzungu asiye na maneno mengi, aliuchukua ule mguu akaenda nao kwenye pipa la kuoshea vyombo vya jasi, akautumbukiza na kuukandamiza kwa jiwe. Mzee akavuta kiti kando ya pipa, akashinda pale akiwafukuza watoto kwa gongo.

Asubuhi tukautoa. Plastiki salama, wayo wa mpira salama. Lakini mkanda wa ngozi wa juu ya goti ulikuwa umevimba na kulegea. Mzee aliubana kwa vidole viwili, akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa na haki. Mguu wa mtu mzima hutarajiwa kudumu miaka 3 hadi 5, na nani angemhakikishia ndege ya kumrudisha kwetu kwa sababu ya mkanda? Jeshi likikaribia, kiwanja cha ndege cha kwao kinafungwa.

Bosi akatoka, akarudi na kipande cha mkanda wa nailoni, ile ya kufungia mizigo ndegeni. Loki haikukosa mikanda hiyo. Tukaukata, tukachoma ncha zisifumuke, tukaushona. Mzee akavaa, akachuchumaa, akainuka bila kushikwa, ndipo akakubali kuanza mazoezi ya kupanda ngazi.

Kesho yake tulikuta wanaume watatu wamekaa kando ya pipa, kila mmoja na mguu wake kwapani. Vyombo vya jasi tukaviosha kwenye ndoo.