Ngozi ya sufuria na kompyuta za kwantamu

Juzi nasugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa, nikakumbuka ule mng'ao wa aluminiamu haukai uchi ata sekunde, ikigusana na oksijeni tu inajivika ngozi ya oksaidi, alafu ngozi ikishafunika vizuri inaacha yenyewe kunenepa. Sasa hiyo ngozi ndo imeyashinda madini mengine yote kwenye kompyuta za kwantamu, zile zinazopiga hesabu kwa tabia za ajabu za chembe ndogo kama elektroni.

Mwaka 1960 Ivar Giaever, Mnorwe aliyesomea uinjinia wa mitambo, akiwa kampuni ya General Electric kule Schenectady, Marekani, aliweka aluminiamu chini, risasi (yale madini laini, lead) juu, katikati oksaidi tu, akapooza mpaka risasi ikawa superkondakta, yani inapitisha umeme bila ukinzani wowote, na elektroni zikapenya ukuta ambao kwa akili ya kawaida hazipenyi. 1962 kijana wa miaka 22 wa Cambridge, Brian Josephson, akapiga hesabu akasema zitapita mbilimbili bila volti yoyote. John Bardeen, mwanafizikia mwenye Nobel yake tayari, akapinga! Mwaka uliofuata Anderson na Rowell wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, wakaonyesha dogo yuko sahihi.

Utamu uko kwenye unene. Ukuta wenyewe, yani ile oksaidi ya katikati, ni kama nanomita 1 hadi 2 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), yani unene wa atomi chache tu, ukiongeza safu moja ya atomi mkondo wa umeme unaweza kushuka mara kumi hivi, ukipunguza unapata tundu na kila kitu kinashoti. Risasi ilijaribiwa sana, kampuni ya IBM waliihangaikia miaka na miaka kutengeneza kompyuta, ila ukiipooza na kuipasha tena na tena inaharibika, 1983 wakaachana nayo. Niobiamu, madini mengine, ni ngumu na inakuwa superkondakta kwenye kelvini 9, yani kama nyuzi 264 chini ya sifuri (aluminiamu inasubiri mpaka kelvini 1.2), ila oksaidi yake ni vurugu, ziko aina kibao zimechanganyikana.

Mwaka huohuo 1983 watu wa Bell Labs wakaona kumbe unaweza kuazima ngozi ya aluminiamu, unapaka aluminiamu nanomita chache juu ya niobiamu, unaiachia oksijeni kidogo, unafunika na niobiamu nyingine. Basi. Mi naona huu ndo ujanja mkubwa kuliko hata hesabu za Josephson, najua wanafizikia watanirukia.

Ila kwenye kyubiti za leo, vile vipande vya kushika taarifa ndani ya kompyuta za kwantamu, hiyo ngozi bado inasumbua, atomi zake hazijajipanga, kuna vijikasoro vinakula nishati, na unene hautoki sawa kila mahali, ndo maana IBM wakishamaliza chipu wanarudi na leza kuzipasha jankshani (hizo sandwichi za metali na oksaidi) mojamoja mpaka kila kyubiti ikae kwenye frikwensi yake.