Boti yangu ilinitekenya vidole

Asubuhi moja nyasi zilikuwa na umande, nami niko pekupeku. Boti yangu ya alumini ilikuwa juu ya trela, chaja yake ya betri imechaji usiku kucha. Nikashika ukingo ili nipande, vidole vikatekenywa kama vile mtu amevipitishia brashi ya waya. Nikatoa mkono. Nikaurudisha (ujinga, najua), ikanitekenya tena.

Nilichomoa plagi ukutani kabla ya kugusa kitu kingine chochote, hilo angalau nilifanya sawa, kisha nikampigia shemeji yangu ambaye ni fundi umeme. Sikuulizwa habari za betri.

"Shemeji, hebu nitazamie, plagi yako ina pini ngapi?"

Zilikuwa mbili. Ya tatu, ya ethi (ile inayoupeleka ardhini umeme uliovuja), ilikuwa imekatwa kwa msumeno na aliyeniuzia boti, na mimi miezi yote hiyo nilikuwa naichomeka bila kujiuliza.

Chaja iliyofungwa ndani ya boti inatudanganya. Tunaiona iko jirani na betri za volti 12, tunasema volti 12 zitamfanya nini mtu. Lakini huo ni upande mmoja tu. Upande wa pili unaingia umeme wa ukutani, volti 120 au 230 kutegemea nchi, na waya wake unapita ndani ya boti ambayo toka omo hadi tezi ni metali tupu. Kwenye boti ya faiba waya ukichubuka, umeme hauna pa kwenda. Kwenye alumini, boti nzima inageuka waya. Na kwa kuwa matairi ya trela ni mpira, umeme unakaa humo kimya, hauna njia ya kushuka ardhini, hadi atokee mtu pekupeku kwenye nyasi mbichi.

Shemeji hakuchukua muda kuona chanzo. Waya wa chaja ulipitishwa kwenye tundu la ukuta wa alumini bila pete ya mpira. Kila trela ilipotikisika barabarani, ukingo wa tundu ulikuwa unalisaga ganda la waya kama tupa. Shaba ilikuwa haijagusa bado, ni unyevu wa usiku tu uliokuwa ukivusha umeme kidogo. Ingegusa, usingekuwa mtekenyo.

Sasa kwa nini mtu akate ethi? Kwa kuogopa boti kuliwa, yaani metali yake kumomonyoka kidogo kidogo. Na hofu yenyewe si ya bure. Boti ya alumini ikiwa majini na imechomekwa kwenye umeme wa gatini, waya wa ethi unaiunganisha na boti za jirani na vyuma vyote vilivyozama hapo. Metali mbili tofauti, maji, na waya kati yao: hiyo tayari ni betri, na kati ya alumini na shaba au chuma, inayoliwa ni alumini. Ila dawa yake ipo. Kuna kizuizi cha galvaniki kinachofungwa kwenye waya wa ethi wenyewe. Kinazuia volti zile ndogo zinazokula boti, hadi kama 1.2 hivi, lakini hitilafu kubwa ikitokea kinaupisha umeme uende zake ardhini. Ipo pia transfoma ya kutenganisha, inayotenga umeme wa boti na wa gatini, ghali zaidi na nzito. Kinachonichekesha hadi leo ni kwamba boti hii huchajiwa nchi kavu. Pasipo maji, hiyo betri haipo. Jamaa aliikatia dawa boti isiyoumwa.

Tumeweka waya mpya, plagi ya pini tatu na pete ya mpira kwenye kila tundu. Ethi imefungwa kwa bolti kwenye bodi baada ya kukwangua rangi, kwa sababu rangi haipitishi umeme. Kisha tukapima kwa mita plagi ikiwa imechomolewa: kati ya pini ya ethi na bodi, omu (kipimo cha ukinzani) karibu na sifuri, kati ya pini ya laivu, ile inayoleta umeme, na bodi, hakuna njia kabisa. Kipimo hicho ni cha dakika mbili, na sasa nakifanya mwenyewe.

Soketi nayo imewekewa RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme yenyewe ikihisi unavuja. Nilikuwa nategemea fyuzi, shemeji akanicheka: fyuzi inalinda waya usiungue, haikulindi wewe. Ampea 13 zinaipita bila wasiwasi, wakati moyo wa mtu unaweza kuvurugwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea moja. Kabla ya kuchaji nabonyeza kitufe chake cha kujaribia, nasikia kikikata, narudisha.

Viatu navaa. Na kiungo cha ekstensheni nakining'iniza, hakilali tena kwenye nyasi.

Ile plagi ya pini mbili nimeipasua kwa nyundo kabla ya kuitupa, mtu asije akaiokota akadhani bado nzima.