Siku moja maishani mwangu: mayai ya bata yanapoanguliwa Katuba, Lubumbashi

Saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa saba hapa Lubumbashi usiku huwa baridi kweli, nyuzi hushuka hata chini ya 10, na hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Kabla sijawasha mbabula, jiko letu la mkaa, naingia chumba cha mayai. Kuvezi kubwa, mashine ya kuangulia mayai, inaonyesha nyuzi 37.5, sawasawa. Ndogo, yenye mayai yaliyofika siku ya 28, nainamia kioo chake: matatu yametobolewa, na kutoka ndani nasikia sauti nyembamba. Moyo unaruka.

Bata wa kawaida huangua kwa siku 28 hivi. Yule mwenye nyama nyekundu usoni, ambaye wengi tunamfuga hapa mtaani, huchukua 35. Asiyelijua hilo hutupa mayai yenye uhai akidhani yameoza, ndiyo maana kila yai langu lina tarehe na aina yake kwa kalamu ya risasi.

Saa moja asubuhi. Kugeuza. Nafanya hivyo mara tano kwa siku. Anayegeuza mara chache achague tatu, si mbili wala nne, ili yai lisilalie upande uleule kila usiku. Lisipogeuzwa, kijusi hugandamana na ngozi ya ndani na kufa. Yale ya kuvezi ndogo siyagusi. Tangu siku ya 25 hayageuzwi tena.

Mayai yaliyopita wiki ya kwanza nayaacha wazi kama robo saa, kisha nayanyunyizia maji ya uvuguvugu. Bata mwenyewe hufanya hivyo: huondoka kiotani kutafuta chakula, hurudi na manyoya yenye maji. Wapo wafugaji wanaosema kunyunyizia si lazima. Kwa kiangazi cha Katanga siachi. Lakini maji yasizidi pia, kwa sababu mpaka kuanguliwa yai linatakiwa kupoteza kama asilimia 13 ya uzito wake ili chumba cha hewa kilicho ndani yake kipanuke. Kwa hiyo unyevu naushikilia kwenye asilimia 55 hadi 60, na siku tatu za mwisho naupandisha kupita 70.

Saa nne. Umeme umekatika. Chupa za maji ya moto zinaingia pembeni mwa mayai, blanketi juu, matundu ya hewa yanabaki wazi. Mbabula haiingii humu hata siku moja, maana gesi ya makala (mkaa) huua vifaranga, na watu pia. Baridi ya muda mfupi kijusi huivumilia kuliko joto lililozidi, kwa hiyo chupa nazishika kwanza kwa mkono.

Saa saba. Bukari (ugali), sombe (kisamvu). Umeme umerudi.

Saa tisa. Mama jirani amekuja kuona. Anatazama yai moja lenye tundu tangu alfajiri, kifaranga kinapumua, hakisogei.

«Mumusaidie, Papa. Anachoka.»

«Hapana Mama, tumuache.»

Hapo ndipo vifaranga vingi hupotea mikononi mwa watu wenye huruma. Kifaranga hutoboa kwanza ngozi ya ndani, kinaingia kwenye chumba cha hewa na kuanza kutumia mapafu. Ndipo hutoboa ganda, kisha hutulia. Kutoka tundu la kwanza mpaka kutoka nje huchukua siku nzima, hata mbili. Kinapotulia damu inarudi mwilini kutoka mishipa iliyotandaa chini ya ganda, na kiini kilichobaki kinaingia tumboni. Ukibandua ganda mapema mishipa hupasuka, na kitavuja damu mbele ya macho yako. Halafu kila unapofungua kifuniko unyevu unatoka, ngozi ya ndani inakauka na kukibana. Mama amekaa nami kwenye kioo karibu saa nzima. Kimoja kikazunguka, kikakata ganda duara, kikasukuma. Akapiga vigelegele hata watoto wakaja mbio.

Saa kumi na moja jioni. Mayai ya wiki moja nayapima gizani kwa tochi ya simu. Yenye uhai yanaonyesha mishipa kama utando wa buibui. Yaliyo meupe tupu, na yenye duara la damu, nayatoa. Yakiachwa huoza na kupasuka ndani.

Saa mbili usiku. Vifaranga vilivyokauka nahamishia sandukuni chini ya taa, nyuzi 32. Vinaweza kukaa siku nzima bila kula, kwa sababu ya kile kiini. Chombo cha maji kinawekwa kokoto: vizamishe pua, visizame vyenyewe. Kuhusu chakula nawaomba wenzangu wa Lubumbashi, tusiwape vifaranga vya bata unga wa mahindi peke yake. Vinahitaji niasini, aina ya vitamini, nyingi kuliko vya kuku, na ile ya mahindi mwili hauipati vizuri, miguu hupinda. Mimi nachanganya unga wa ndakala, yaani dagaa.

Mnunuzi wa mtaa wa Ruashi amepiga simu, anataka kuvichukua kesho. Nimemwambia angoje mpaka vianze kula na kunywa vizuri. Sufuria ya maji imejaa karibu na mbabula, uani, umeme ukikatika tena usiku nichemshe haraka.